Kete ya Sitini na Nne

Lilikuja kwangu arubaini ilipokwisha,
limeviringwa kwenye kanga iliyopotelewa na mwenziwe.
"Haya, urithi wako," akasema mama,
akalilaza kitandani kwa uangalifu
wa mtu anayemlaza mgonjwa asiyempenda sana.

Nyumba wamechukua wanawe.
Mikarafuu sita imegawiwa kwa hesabu ya kadhi.
Mimi mtoto wa nduguye sikuwa na fungu;
nikausiwa gitaa:
nyuzi mbili kati ya sita, shingo imepinda,
daraja limebanduka kama ukucha wa aliyejikwaa,
na tumboni, ukilitikisa, kitu kinagonga.
Ko. Ko.

Wanasema Ami Shaame alilipiga
enzi za harusi za karabai.
Mimi nilimjua ameshaacha.
Nilimjua ukumbini, bao mbele yake,
kete sitini na tatu na lalamiko moja:
"Ya sitini na nne kaila Asaa."
Na Asaa seremala, nyumba ya tatu kutoka kwetu,
akisikia, huisukuma randa kwa nguvu zaidi.
Miaka kumi na moja hawakupeana mkono
ila siku za Idi,
na hapo kwa ncha za vidole.

Limbani yote hii, nani mwingine wa kuunga mbao?
Nikaenda kwa Asaa.

Hakuuliza la nani. Alilinusa kwanza mdomoni.
"Karafuu," akasema. "Alizitia kufukuza mchwa."
Akabandua mabaki ya daraja kwa kisu cha mkate,
akaligeuza kifudifudi, akalipigapiga mgongo
kama mtoto aliyepaliwa,
na kwenye maranda ikadondoka
kitu cha kijivu, laini kwa kushikwashikwa:
komwe.

Gundi ilikuwa ikitokota koponi.
Nikangoja aseme neno kubwa.
"Shaame mjinga," akasema,
kisha akageukia ukutani kutafuta jiriwa
iliyokuwa mkononi mwake.

Siku ya kulichukua nililitikisa kwa mazoea.
Ko.
Nikamtazama. Alikuwa akihesabu chenji yangu,
polepole, mara ya pili.
Sikuuliza.

Sasa najifunza.
Nyuzi zimetoka Unguja kwa meli, ndani ya bahasha ya kaki.
Mwalimu sina; nina friji la Bi Time, ukuta wa pili,
linalovuma sauti moja usiku kucha,
nami nakaza uzi wa tano mpaka ufanane nalo.
Umeme ukikatika
gitaa zima linabaki yatima.

Mkono wa kushoto,
huu tuliofunzwa kuuficha wakati wa kula,
ndio umepewa kazi yote ya maana.
Vidole vimeota sugu. Skuli nashika chaki
kama nashika kaa,
na wanafunzi wa darasa la nne wananiuliza
kama nimeungua na chapati.
Kidole cha pete hakisikii amri.
Kimezoea kukaa tu, kivishwe.

Na shingo bado imepinda.
Asaa alisema akiinyoosha zaidi itakatika:
"Izoee. Mbona mwenyewe tulimzoea?"
Kwa hiyo huku juu, karibu na tumbo,
kila sauti inafika na uongo kidogo,
na mimi ninausogeza uzi kando, hivi, kwa kucha,
mpaka useme karibu na kweli.

"Hilo linalia au linacheka?" mama anauliza jikoni.
Bado sijalijua vizuri kiasi cha kumjibu.
Nikiupiga uzi mnene, kete huruka tumboni,
hujibu kwa kuchelewa, kama mtu
aliyeitwa kutoka chumba cha nyuma.

Wimbo nilio nao ni nusu.
Naurudia kila alasiri, dirisha wazi.
Nikikosea, randa ya Asaa inaendelea, shwaa, shwaa.
Nikipatia, inanyamaza.

Leo imenyamaza mara mbili.